Gari Geni Sokoni: Bei ya Chini, Jina la Ukoo, Malipo ya Mwezi au Bei ya Juu?

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewaponza waagizaji wengi wa magari. Wanaleta gari zuri kutoka kiwanda cha Ulaya kisichojulikana nje ya nchi mbili tatu, wanaliegesha ukumbini likimetameta, wateja wanalizunguka, wanafungua mlango, wanalisifia, kisha wanakwenda kununua Toyota. Si kwamba wameona kasoro. Hawajui watalipeleka kwa fundi yupi, hawajui siku ya kuliuza nani atalitaka, na nyumbani kuna shemeji ambaye ameshawaambia wasithubutu.

Ulinganisho huu ni wa mtu aliyekabidhiwa chapa ya namna hiyo, awe mwagizaji, wakala au mtu wa masoko, na amekwama kwenye swali la bei. Meneja wa mauzo anataka bei chee. Kiwanda kinataka bei yenye heshima. Watu wa benki wanashauri malipo ya mwezi. Kila mmoja ana mfano wa kukuonyesha, kwa sababu njia zote hizi zimewahi kufaulu na zote zimewahi kuwazamisha watu.

Tunapima nini

Mnunuzi wa gari asilolijua ana hofu mbili: siku litakapomharibikia na siku atakapotaka kuliuza. Hofu hizo zina gharama, na lazima mtu azilipie. Anaweza kuwa mnunuzi mwenyewe, akafidiwa kwa bei ya chini. Inaweza kuwa kampuni mama, ikakopesha jina lake. Unaweza kuwa wewe muuzaji, ukabaki na gari mikononi mwako na kulikodisha. Au unamtafuta mnunuzi ambaye hofu hizo hazimkoseshi usingizi, ambaye yupo, ila ni wa nadra.

Kwa hiyo kila njia nitaipima kwa mambo matano yaleyale: hofu inabebwa na nani, bei ya kuuzia tena itakuwaje baada ya miaka mitatu hivi, huduma gani lazima iwepo kabla ya tangazo la kwanza, tangazo lenyewe linasema nini, na njia inamfaa nani.

Jambo la pili ndilo watu hulirukia, nalo ndilo linaloamua mengi, kwa hiyo nilikalie kidogo. Katika masoko mengi ya magari mapya mteja haulizi bei, anauliza atalipa kiasi gani kwa mwezi. Chukua gari la 30,000, sarafu yoyote. Kampuni ya kukodisha ikiamini kwamba baada ya miaka mitatu litauzika kwa 18,000, mteja analipia zile 12,000 zinazopotea, yaani kama 333 kwa mwezi ukiacha riba. Ikiamini litauzika kwa 15,000, mteja analipia 15,000, sawa na 417 hivi. Gari ni lilelile na bei ya dukani ni ileile, lakini jina lisiloaminika limemwongezea mteja zaidi ya 80 kila mwezi.

Sasa tazama kinachotokea ukishikwa na woga na kukata bei. Unashusha hadi 27,000. Wafanyabiashara wa magari yaliyotumika nao wanashusha makisio yao hadi 12,000, kwa sababu jipya limeshuka na kwa sababu wameanza kunusa kwamba haliendi. Mteja bado analipia 15,000. Malipo yake ya mwezi hayajasogea hata senti, wewe umepoteza 3,000 kwa kila gari, na waliokuwa wamenunua mwezi uliopita wanakutafuta. Hesabu hii iweke karibu unaposoma yanayofuata.

Njia ya kwanza: bei ya chini kuliko wote

*Hofu.* Anaibeba mnunuzi, nawe unamfidia papo hapo. Fidia hiyo inatosha tu kama gari lenyewe halisumbui. Dacia ya Romania ilinunuliwa na Renault mwaka 1999, na bosi wa Renault wakati huo, Louis Schweitzer, akataka gari la kisasa la euro 5,000. Logan lilipotoka mwaka 2004 lilikuwa na ubahili wa makusudi kila mahali: kioo cha pembeni cha kushoto kilikuwa sawa na cha kulia ili kiwanda kitengeneze kimoja, dashibodi ilimiminwa kipande kimoja, na mitambo ilitoka kwenye magari ya Renault yaliyokwisha kuzoeleka. Walibana mahali ambapo kubana hakumlazi mtu barabarani.

Yugo lilibana pengine. Mfanyabiashara Mmarekani Malcolm Bricklin alilipeleka Marekani mwaka 1985 kutoka kiwanda cha Zastava mjini Kragujevac, Yugoslavia ya wakati huo, kwa dola 3,990, bei ambayo hakuna gari jipya lililoweza kuikaribia. Mwanzoni watu walilikimbilia. Lakini mkanda wa taimingi wa injini ile ulitaka kubadilishwa kila baada ya maili 40,000 hivi. Ukikatika, pistoni zinagonga valvu na injini imekwisha. Na mtu aliyenunua gari kwa sababu ni rahisi ndiye mtu wa mwisho atakayelipia mkanda ambao bado haujakatika. Mwaka uliofuata Hyundai Excel likafika kwa dola 4,995, na ghafla sababu pekee ya kununua Yugo ikawa tofauti ya dola elfu moja. Zaidi ya magari 140,000 yaliuzwa Marekani kabla biashara haijafungwa mwaka 1992, na jina likabaki kwa watani.

*Bei ya kuuzia tena.* Hapa Dacia iliwashangaza wengi. Gari lililoanza chini halina pa kuangukia sana, na kampuni ilishikilia kwamba bei iliyobandikwa ndiyo bei, hakuna kuombana punguzo. Anayekuja kununua la mwaka mmoja anajua jipya linauzwa kiasi gani hasa, si kiasi gani baada ya kubembelezana. Ukiichagua njia hii, halafu ukaruhusu mawakala wapunguze mwisho wa mwezi ili wafikishe malengo, umeiua mwenyewe.

*Huduma.* Dacia nje ya Romania haikuanza na gereji zake. Iliuzwa na kuhudumiwa kwenye maduka ya Renault, na kipuri kilichokosekana kilikuwa cha gari ambalo tayari limejaa mitaani. Bila mgongo wa namna hiyo, bei ya chini inakuachia faida ndogo mno kujenga mtandao wa huduma kuanzia sifuri. Wengi huligundua hili wakiwa wamechelewa: njia inayoonekana ya kimaskini inataka mgongo wa tajiri.

*Tangazo.* Bei yenyewe ndiyo tangazo. Dacia ilipoingia Uingereza mwaka 2013, Sandero la pauni 5,995 lilikuwa jeupe tu, bampa hazijapakwa rangi, ringi za chuma, vioo vya kuzungusha kwa mkono, na redio hakuna. Kazi ya gari lile ilikuwa kuwafikisha watu mlangoni. Wakishafika, toleo lenye redio na kiyoyozi nalo lilikuwa bado rahisi kuliko jipya lolote la jirani, na likalingana na Golf la Volkswagen lililokwishatumika miaka kadhaa. Huyo ndiye mpinzani wa kweli wa gari jipya la bei ya chini: gari la heshima lililotumika. Usijipime na magari mapya peke yake.

*Inamfaa* mtu ambaye gharama za kiwanda chake ziko chini kweli, ambaye tayari ana gereji za kampuni mama, na ambaye ana roho ngumu ya kukataa punguzo. Kwa mwenye masharti hayo, matokeo yanaweza kuwa makubwa: Sandero lilishika namba moja kwa wanunuzi binafsi wa Ulaya tangu 2017, na mwaka 2024 likaongoza mauzo yote barani humo.

Njia ya pili: jina la ukoo, bei hatua moja chini ya ndugu

*Hofu.* Inabebwa na kampuni mama. Mnunuzi anaambiwa, kwa maneno au kwa kunong'onezwa, kwamba hili geni ni mdogo wake fulani. Mfano wa darasani ni Skoda. Kampuni ina mizizi ya mwaka 1895 mjini Mladá Boleslav, lakini kufikia miaka ya 1980 jina lake Uingereza lilikuwa mzaha. (Kwa nini kioo cha nyuma cha Skoda kina hita? Ili vidole visigande unapolisukuma.) Volkswagen iliingia mwaka 1991 na kuimiliki yote mwaka 2000. Octavia la 1996 lilishirikiana msingi na injini na Golf, likawa na buti kubwa zaidi, na likauzwa kwa bei ndogo zaidi.

Angalia kwamba Skoda haikujaribu kuwa rahisi kuliko wote. Ilikaa hatua moja chini ya ndugu yake, karibu kiasi cha mnunuzi kuona anapata Golf kubwa kwa bei nafuu, na mbali kiasi cha kumfanya asahau alichocheka zamani. Pengo likiwa dogo, mtu anaongeza kidogo na kununua jina. Likiwa kubwa, anajiuliza wamepunguza nini.

*Bei ya kuuzia tena.* Inapanda taratibu. Miaka ya kwanza soko linakuadhibu. Kisha mafundi wanagundua kwamba vipuri ni vilevile vya ndugu, na neno linasambaa. Subira ni ya lazima. Tangu Volkswagen iingie hadi watu waache kucheka ilipita miaka kumi.

*Huduma.* Unaikuta tayari, na hatari inatokea hapohapo. Muuzaji mwenye magari mawili ukumbini atamsukumia mteja lile lenye kamisheni nono, na mara nyingi ni la ndugu mkubwa. Kama huna usemi juu ya namna wauzaji wanavyolipwa, jina la ukoo litakuletea wateja utakaowakabidhi kwa kaka yako.

*Tangazo.* Hapa pana utajiri. Mwaka 2000 Skoda ilitangaza Fabia Uingereza kwa kuukabili mzaha uso kwa uso: watu kwenye matangazo wanalipenda gari, kisha wanakataa kabisa kuamini kwamba nembo ile ni ya Skoda. Ujasiri huo ulifaa kwa sababu gari lilikuwa zuri kweli. Lingekuwa bovu, tangazo lingekuwa kujitukana hadharani. Mbali na matangazo, Skoda ilijaza magari yake vitu vidogo vya kuonyeshana: kikwangulio cha barafu kilichofichwa ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, mwavuli uliochomekwa kwenye mlango wa gari lake kubwa, Superb. Muuzaji anavionyesha kwa nusu dakika, na mnunuzi anavionyesha kwa jirani bila kulipwa. Chapa geni inahitaji vitu vya namna hiyo kuliko inavyohitaji farasi wengine kumi kwenye injini.

Na asiye na ukoo? Anaweza kununua imani kwa dhamana ndefu. Hyundai ilifanya hivyo Marekani mwaka 1998, ilipotangaza dhamana ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na gia. Kia nayo ikaja na miaka 7 Ulaya, kwa gari la cee'd lililotengenezwa Žilina, Slovakia. Kuna tofauti kati ya hizo mbili ambayo wengi hawaitilii maanani. Ile ya Hyundai ya miaka kumi ilikuwa ya mnunuzi wa kwanza peke yake. Akiuza, wa pili anabaki na dhamana fupi zaidi. Ile ya Kia ilifuata gari. Ya kwanza inatuliza hofu ya kuharibika, ya pili inatuliza na hofu ya kuuza, kwa sababu gari la miaka mitatu linakwenda kwa mnunuzi mpya likiwa na miaka minne ya ulinzi. Kwa chapa isiyojulikana, dhamana inayofuata gari ina uzito kuliko tarakimu kubwa kwenye bango.

*Inamfaa* aliye ndani ya kundi kubwa, ambaye gari lake limerithi mitambo ya ndugu na ubora wa kiwanda pia. Mitambo peke yake haitoshi. Rover ya Uingereza iliingia Marekani mwaka 1987 kwa jina la Sterling, na gari lililobuniwa pamoja na Honda. Pacha wake, Acura Legend la Honda, alisifiwa kwa kutosumbua. Sterling lilisumbua umeme na kutu, na mwaka 1991 likaondoka sokoni. Wateja walipewa ukoo wa Kijapani kwenye karatasi, wakakuta waya za kwingine.

Njia ya tatu: malipo ya mwezi, gari libaki lako

*Hofu.* Unaibeba wewe, yote. Lynk & Co, chapa ya kampuni ya China ya Geely iliyolelewa Gothenburg karibu na Volvo, iliingia Ulaya kwa mtindo huu: euro 500 kwa mwezi, bima na matengenezo ndani, kilomita 1,250, na mteja akichoka anatoa taarifa na kurudisha gari. Toleo lilikuwa moja, rangi mbili, nyeusi na bluu. Mtu hakuhitaji kuiamini chapa. Alihitaji kuiamini kwa mwezi mmoja tu.

*Bei ya kuuzia tena.* Mteja haimhusu. Wewe inakuhusu kuliko kitu kingine chochote, maana magari yote yatarudi kwako. Ukikisia vibaya, kosa halitokei kwenye gari moja, linatokea kwenye kundi zima siku moja. Mwaka 2023 Tesla ilishusha bei za magari yake mapya mara kadhaa. Januari 2024 kampuni ya kukodisha Hertz ikatangaza kuuza magari ya umeme yapatayo 20,000 na kuandika hasara ya thamani ya takriban dola milioni 245. Tena Tesla ni jina analolijua kila mtu.

*Huduma.* Unahitaji chache, ila za haraka. Mteja anayelipa kwa mwezi hana uvumilivu wa mmiliki. Gari likikaa gereji wiki mbili, anaacha kulipa na kuondoka. Magari machache katika mji mmoja wenye gereji moja nzuri ni bora kuliko yaliyotapakaa nchi nzima.

*Tangazo.* Rahisi kuliko yote: namba moja na neno "kila kitu ndani". Pia kila gari linalozunguka mjini ni bango. Lakini namba hiyo ikishazoeleka ni vigumu kuipandisha, kwa hiyo usiizindue kwa hasara ukitumaini kurekebisha baadaye.

*Inamfaa* mwenye mtaji mzito na subira, au mwenye benki iliyo tayari kugawana hatari hiyo kwa maandishi. Wengi huanzia hapa na baadaye kurudi kwa mawakala; hata Lynk & Co iliishia kuwaongeza. Ukiiona kama daraja la kuvukia miaka miwili ya kwanza, utaipanga vizuri kuliko ukiiona kama makazi.

Njia ya nne: bei ya juu tangu siku ya kwanza

*Hofu.* Hakuna anayeilipia. Unamtafuta mtu ambaye kwake kutojulikana ni sifa: amechoka kuegesha BMW kati ya BMW nyingine tano.

*Bei ya kuuzia tena.* Huanguka vibaya, na anayenunua kwa mkopo wa mwezi atauhisi mwanguko huo kwenye malipo yake. Mbinu moja ya kuuzuia ni uhaba wa kweli. Polestar ya Sweden ilianza na gari la euro 155,000, Polestar 1, iliyopanga kutengeneza 1,500 tu kwa miaka mitatu, na baada yake ndipo likafuata Polestar 2 kwa watu wengi zaidi. Lile la kwanza halikuwa na kazi ya kujaza ghala la fedha. Lilikuwa la kuweka kipimo akilini, ili la pili lionekane nafuu.

*Huduma.* Chache lakini za kifalme. Gari linafuatwa nyumbani, la kutumia kwa muda linaachwa mlangoni. Polestar ilipata huduma kwenye gereji za Volvo, jambo ambalo chapa inayoanza peke yake haina.

*Tangazo.* Umbo, hadithi, na watu wanaoonekana nalo. Bei haitajwi kwa herufi kubwa. Sipendi kuficha ugumu wa njia hii: DS, iliyotenganishwa na Citroën mwaka 2014 ikiwa na historia ya gari maarufu la 1955 nyuma yake, haijawahi kuzisogelea Audi, BMW na Mercedes kwa mauzo. Cupra, iliyotenganishwa na SEAT ya Hispania mwaka 2018, imekwenda vizuri zaidi, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba haikujipanga na wafalme. Ilipanda hatua moja juu ya SEAT, ikampa mnunuzi wa umri mdogo kitu cha kujivunia, na bei ikabaki mahali ambapo mtu wa kawaida mwenye kazi nzuri anaweza kufika. Formentor la 2020, gari lake la kwanza lisilo na pacha wa SEAT, ndilo lililoibeba.

*Inamfaa* mwenye gari lenye sura au tabia isiyopatikana kwingine, na ambaye anaweza kuishi kwa mauzo madogo bila kiwanda kumpigia simu kila Jumatatu.

Mitego miwili ya njia zote

Wa kwanza ni kushusha bei kwa mshtuko. Gari la umeme la Fisker Ocean, lililounganishwa Graz nchini Austria, toleo lake la juu lilishushwa Machi 2024 kutoka dola 61,499 hadi 37,499. Juni mwaka huohuo kampuni ikaomba kufilisika. Bei haikuwa chanzo cha matatizo yake, lakini mnunuzi mpya aliyeona tarakimu hizo mbili alielewa ujumbe, na aliyelipa ya kwanza hakuwa tena shahidi mzuri kwa majirani. Gari lisipotembea, ongeza kitu kabla ya kupunguza bei: matengenezo ya miaka mitatu, dhamana, ahadi iliyoandikwa ya kulinunua tena kwa kiasi fulani.

Wa pili ni kuwabebesha mawakala jengo. Fiat iliporudi Marekani mwaka 2011 na gari dogo la 500, mawakala walitakiwa kuandaa kumbi maalumu za chapa hiyo. Lengo la mwaka lilikuwa magari 50,000, hayakufika 20,000. Wakala aliyejenga ukumbi wa gari moja hana furaha, na mteja huiona furaha hiyo haipo.

Kwa hali yako

Uko ndani ya kundi kubwa na gari lako ni dada wa gari linalojulikana: anza na njia ya pili, na kabla ya kupanga bei panga kamisheni za wauzaji. Ukigundua kwamba kiwanda chako kinatengeneza kwa gharama ndogo sana kuliko dada, njia ya kwanza iko wazi kwako, ila amua mapema, maana kuhama kutoka ya pili kwenda ya kwanza kutaonekana kama kuanguka.

Huna ukoo lakini gari ni imara na una fedha za kutenga kwa matengenezo: bei ya katikati na dhamana ndefu inayofuata gari. Kampuni za teksi zinaweza kukusaidia kuonekana haraka barabarani, lakini ziuzie kwa kiasi. Magari yao yakiingia sokoni kwa mkupuo, ndiyo yatakayopanga bei ya lako lililotumika.

Huna mtandao, una mtaji: malipo ya mwezi, mji mmoja, idadi ambayo gereji yako inaimudu. Weka kwenye hesabu makisio ya kuuzia tena yaliyo mabaya kuliko unavyotarajia, uone kama bado unapumua.

Huna mtandao wala mtaji, una gari zuri tu: chache, kwa bei ya juu, kwa watu wanaolitafuta wenyewe. Usifungue matawi. Mnunuzi wako wa kwanza anapaswa kuwa na namba yako ya simu.

Jina limeshachafuka zamani: hali hii ni tofauti na kutojulikana. Kimya hakisaidii, wala kubadilisha nembo. Gari lipite kwanza kwenye mikono ya mafundi na waandishi wa magari, kisha mzaha ukabiliwe hadharani kama Skoda ilivyofanya.

Kiwanda kinadai bei ya juu na magari ya majaribio bado yana hitilafu: chelewesha uzinduzi. Miezi sita ya hasara ni nafuu kuliko kuwa Sterling.

Na kama bado umebaki katikati ya njia mbili, nenda kwa wafanyabiashara watatu wa magari yaliyotumika, wasio na uhusiano nawe. Waachie gari kwa siku moja, wakague chini, wafungue boneti. Kisha waombe waandike kwenye karatasi kiasi ambacho wangelinunua likiwa na miaka mitatu na kilomita 60,000. Wengine watacheka, wengine watakuuliza vipuri vinatoka wapi. Andika maswali yao kando ya namba zao. Ikiwa namba ni za kuridhisha, njia ya pili na ya nne zinawezekana. Ikiwa ni mbaya lakini maswali yanajibika, dhamana au malipo ya mwezi. Ikiwa hakuna aliye tayari kuandika namba yoyote, rudi kiwandani na hizo karatasi tupu kabla hujaagiza kontena la kwanza.